Seli Zilizokataliwa

Mwaka 1949, katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee nchini Marekani, walizaliwa panya dume wenye maradhi ambayo hakuna aliyeyatarajia. Oak Ridge ulikuwa mji uliojengwa kwa siri wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kazi ya bomu la atomiki. Vita vilipokwisha, watafiti walibaki pale wakifuga panya kwa maelfu ili wajue mionzi inavifanyia nini viumbe na vizazi vyao. Panya hawa wagonjwa, hata hivyo, hawakudhuriwa na mionzi. Kasoro yao ilizuka yenyewe. Ngozi yao ilikauka ikatoka magamba, bandama na mitoki yao ilivimba kupita kiasi, nao walikufa baada ya majuma machache tu. Majike wa ukoo huo hawakuugua. Watafiti wakatambua kwamba kasoro imo kwenye kromosomu X, wakauita ukoo huo scurfy, wakaendelea kuuzalisha kizazi baada ya kizazi. Ilipita nusu karne kabla ya mtu kujua kwamba ndani ya panya wale lilikuwamo jibu la swali la zamani kuliko maabara yenyewe.

Swali hilo lilimshughulisha Paul Ehrlich, daktari wa Ujerumani. Karibu na mwaka 1900, yeye na mwenzake Julius Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi waliodungwa walitengeneza kingamwili za kuvunja damu ya wenzao, lakini hakuna hata mmoja aliyetengeneza kingamwili za kuvunja damu yake mwenyewe. Ehrlich akasema mwili unaogopa kujitia sumu. Yeye alimaanisha kwamba lazima kuna kitu kinachouzuia mwili usijidhuru, na kitu hicho kitafutwe. Waliomfuata walimsoma vibaya: walielewa kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa, na kwa kuwa Ehrlich alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, wachache walithubutu kubisha. Mwaka 1904, kule Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walikwisha kuonyesha kwamba kuna wagonjwa ambao, wakipigwa na baridi, kingamwili zao huvunja chembe nyekundu za damu yao wenyewe hata mkojo ukabadilika rangi. Ushahidi huo ulisomwa, ukawekwa kando.

Miaka hamsini ilipotea hivyo. Mwaka 1956, katika mji wa Buffalo, kijana Noel Rose alichukua protini ya tezi dundumio ya sungura, ile tezi iliyo shingoni, akamdunga nayo sungura. Sungura akaishambulia tezi yake mwenyewe. Bosi wake Rose, Ernest Witebsky, alifundwa na mwanafunzi wa Ehrlich, kwa hiyo kulikubali tokeo hilo kulimaanisha kuvunja mwiko wa nyumba yake. Alilikubali. Mwaka huohuo madaktari wa London walipata kingamwili za namna hiyo katika damu ya wagonjwa wenye uvimbe wa tezi. Tangu hapo orodha imekua hadi kupita magonjwa themanini: kisukari aina ya kwanza, ambamo seli za kongosho zinazotoa insulini huuawa, baridi yabisi inayokula viungo, lupasi, ambayo leo huvamia ngozi, kesho figo, na ule ugonjwa unaochubua ala za neva za ubongo na uti wa mgongo mpaka mtu akashindwa kutembea.

Sasa swali la Ehrlich lilirudi kwa uzito wake wa kweli. Kama mwili unaweza kujishambulia, kwa nini wengi wetu hatujishambulii?

Sehemu ya jibu ilitoka London mwaka 1961, pale Jacques Miller alipoonyesha kazi ya thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Kabla yake ilidhaniwa kuwa ni mabaki tu ya utotoni, kitu kisicho na kazi. Miller aliwatoa panya wachanga tezi hiyo na wakabaki bila kinga. Baadaye ikajulikana kwamba thaimasi ndiko zinakokomalia seli T, chembe nyeupe za damu ambazo ni askari wa kinga, na kwamba zile zinazoonekana kuelekea kuushambulia mwili huuliwa humohumo kabla hazijatoka. Wengi waliridhika na maelezo hayo. Lakini uchujaji huo una matundu. Ukichukua damu ya mtu mzima mwenye afya utakuta seli T zinazoweza kuishambulia tezi yake, kongosho lake, ala za neva zake. Zipo, zimetulia. Ni nani amezituliza?

Mwaka 1969, Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura wa kituo cha saratani cha Aichi, mjini Nagoya, Japani, walichapisha jambo la kushangaza. Walikuwa wamewatoa thaimasi vitoto vya panya. Kazi hiyo hufanywa chini ya hadubini: kitoto cha siku tatu ni kidogo kuliko kidole gumba, hakina manyoya, na tezi yenyewe ni vipande viwili vyeupe juu ya moyo, ambavyo huvutwa kwa mrija mwembamba. Kwa yale aliyoyaonyesha Miller, panya asiye na thaimasi angetarajiwa kuwa na kinga dhaifu. Hawa walikua, kisha ovari za majike zikasinyaa wakawa tasa. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba siku ya upasuaji ilikuwa na maana. Tezi ikitolewa siku ya tatu baada ya kuzaliwa, ugonjwa unatokea. Ikitolewa siku ya saba, hautokei. Mwanzoni walidhani thaimasi hutoa homoni inayohitajiwa na ovari. Lakini uharibifu ule ulikuwa wa kinga, na kwa kadiri panya walivyochunguzwa ulionekana pia tumboni, kwenye tezi dundumio na kwenye tezi ya kibofu.

Tulijualo leo linaieleza tarehe ile vizuri. Seli T zenye uwezo wa kushambulia hutangulia kutoka katika thaimasi siku za mwanzo. Zile za kuzizuia hufuata baadaye. Ukikata siku ya tatu, umewaachia njia washambuliaji na kuwafungia mlango wazuiaji. Ila wakati ule hakuna aliyekuwa na lugha ya kulisema hilo.

Wakati Nishizuka akihangaika na panya wake, ng'ambo ya pili ya dunia, katika Chuo Kikuu cha Yale, Richard Gershon na Kazunari Kondo walitangaza mwaka 1970 kwamba baadhi ya seli T hazichochei kinga bali huizima. Ziliitwa seli T kandamizi. Wazo lilikuwa zuri na lilishika kasi ya ajabu. Katika miaka ya 1970 kila maabara kubwa ilikuwa na seli zake kandamizi, na michoro yake ya seli inayoiamuru seli inayoizima seli nyingine. Mwaka 1976 ilisemwa kwamba hata jeni lake limepatikana kwenye ramani, likaitwa I-J. Makala yalichapwa kwa mamia, watu wakapandishwa vyeo. Kisha ukaja ufundi mpya wa kusoma DNA moja kwa moja. Kufikia mwaka 1983 watafiti walilipekua eneo lile la kromosomu na hawakulikuta jeni la I-J. Halikuwapo. Gershon alifariki mwaka huohuo. Nyumba nzima ikaporomoka, na kwa miaka kumi na zaidi mwanafunzi aliyetaka kazi nzuri alishauriwa akae mbali na jambo lolote lenye harufu ya ukandamizaji wa kinga.

Hapa ndipo ninapoona somo la historia hii, na nalisema waziwazi: waliolitupa wazo walikuwa na haki ya kuyatupa maelezo, lakini hawakuwa na haki ya kuusahau ukweli uliokuwa umeonekana. Jeni la I-J lilikuwa hewa. Panya tasa wa Nagoya hawakuwa hewa. Mtu yeyote aliyekuwa tayari kufanya upasuaji ule wa siku ya tatu angewaona kwa macho yake.

Mmoja aliyekuwa tayari ni Shimon Sakaguchi. Alizaliwa mwaka 1951 katika wilaya ya Shiga, akahitimu udaktari Kyoto mwaka 1976. Aliposoma kazi ya Nishizuka aliacha masomo yake ya juu Kyoto, akahamia Nagoya ili afanye kazi katika maabara ile. Swali lake lilikuwa la moja kwa moja: kama panya waliotolewa thaimasi wanaugua kwa kukosa kitu, je, nikiwarudishia seli za panya mzima watapona? Aliwadunga seli T za panya wenye afya. Hawakuugua. Kwa hiyo ndani ya panya wa kawaida, asiye na ugonjwa wowote, kulikuwa na seli zinazozuia ugonjwa. Kilichobaki ni kuzitambua, na hilo lilimchukua zaidi ya miaka kumi.

Alizunguka katika vyuo na taasisi za Marekani, Johns Hopkins, Stanford, kisha La Jolla, akiwa na mkewe Noriko, ambaye naye ni daktari na alifanya naye kazi maabara. Mbinu yake haikuwa na madoido. Seli zina alama za protini kwenye ngozi yake, na kingamwili maalumu huweza kuishika alama moja na kuziondoa seli zote zilizo nayo. Sakaguchi aliondoa kundi moja, akadunga zilizobaki katika panya wasio na seli T, akangoja miezi aone kama watajishambulia. Kisha alama nyingine. Mwaka 1985 alichapa matokeo ya kwanza: alikuwa amelipunguza kundi, lakini lilikuwa pana mno, na watu hawakushtuka.

Mwaka 1995 alifika. Alama ilikuwa CD25. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida ambayo wasomaji wa kwingine hawana, kwa sababu CD4 anaijua. Kwa miaka mingi namba ile iliandikwa kwenye kadi za kliniki kutoka Kisumu hadi Mbeya, na washauri nasaha waliieleza kwa mfano ulioeleweka: CD4 ni askari, wakipungua maradhi yanaingia. Sakaguchi alionyesha kwamba miongoni mwa askari haohao, kama mmoja katika kumi anabeba CD25 bila hata kuwa vitani, na kazi yake ni kuwashika mkono wenzake wasiugeukie mji wanaoulinda. Alipowadunga panya seli zote za CD4 isipokuwa hizo, panya waliugua tezi dundumio, tumbo, ovari, tezi za juu ya figo, karibu kila kiungo. Alipozirudisha hizo chache mapema, ugonjwa haukutokea. Katika makala yale, jina la pili baada ya lake ni la Noriko Sakaguchi.

Hata hivyo wengi walikunja uso. Ethan Shevach, mtafiti mwenye heshima kubwa katika taasisi za taifa za afya za Marekani, alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakali wa seli kandamizi. Alichofanya kinastahili sifa: alilirudia jaribio katika maabara yake mwenyewe. Likatoka vilevile. Mwaka 1998 yeye na Angela Thornton wakaonyesha katika kisahani cha maabara kwamba seli za CD25 huwazuia wenzao kuzaliana. Kule Oxford, Fiona Powrie na Don Mason walikuwa wamekwisha kukaribia jambo hilohilo kwa alama nyingine. Polepole jina jipya likashika, seli T dhibiti.

Bado lilibaki tatizo gumu. CD25 huota pia kwenye seli T za kawaida zinapoamshwa. Ulihitajika uthibitisho ulio ndani ya seli, jeni linalozifanya ziwe vile zilivyo.

Ulitoka mahali pasipotarajiwa: kampuni ya dawa mjini Bothell, karibu na Seattle. Mary Brunkow na Fred Ramsdell hawakuwa wakitafuta seli dhibiti. Walijua tu kwamba panya wa ukoo wa scurfy wana seli T zilizopandwa na wazimu, na kwamba anayelijua jeni lililoharibika anaweza kupata dawa. Miaka ya 1990 kulitafuta jeni moja kulikuwa kazi ya mikono. Kromosomu X ya panya ina herufi za DNA karibu milioni 170. Kwa kuzalisha panya na kufuatilia urithi, waliipunguza sehemu ya kutafutwa hadi herufi kama 500,000. Humo walihesabu majeni 20. Wakayasoma moja baada ya jingine, wakilinganisha panya mgonjwa na mzima. Kumi na tisa hayakuwa na kasoro. La ishirini, la mwisho kabisa, lilikuwa na herufi mbili za ziada. Herufi mbili zilitosha kuiharibu sentensi yote inayofuata na kumwua panya. Wakaliita Foxp3, wakachapa mwaka 2001.

Mwaka huohuo wao na wengine walifungua mafaili ya watoto. Tangu mwaka 1982 madaktari walikuwa na habari ya familia ambamo wavulana, na wavulana tu, walizaliwa na ugonjwa wa kutisha: kuhara kusikokoma, kisukari tangu siku za mwanzo za maisha, ukurutu mwili mzima, tezi iliyoharibika. Wengi hawakuona mwaka wa pili. Mama aliyeubeba urithi huo hakuwa na dalili yoyote. Jeni lao liliposomwa, kasoro ilikutwa katika FOXP3. Ugonjwa huo, unaoitwa IPEX, ulikuwa scurfy ya binadamu.

Hiyo ndiyo sehemu ya historia inayonigusa kuliko zote. Wazazi wale walizika mtoto baada ya mtoto bila kuambiwa sababu, huku sababu ikizalishwa ndani ya vizimba vya Tennessee tangu kabla baadhi yao hawajazaliwa. Ujuzi huo ulileta msaada wa kweli: mtoto wa IPEX anayewahi kupandikizwa uboho wa mtu mwenye FOXP3 nzima anaweza kuishi, kwa kuwa uboho huo humtengenezea seli dhibiti alizozikosa. Ni tiba ya hatari na ya gharama kubwa, ila ni uthibitisho ulio hai.

Mwaka 2003 nyuzi mbili ziliungana. Kundi la Sakaguchi, kundi la Alexander Rudensky mjini Seattle na kundi la Ramsdell walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba Foxp3 ndiyo inayoziongoza seli za CD25. Ukiliwasha jeni hilo ndani ya seli T ya kawaida, inageuka kuwa mzuiaji. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha.

Tiba ya magonjwa haya, kwa miaka mingi na hata sasa, imekuwa ni kuwadhoofisha askari wote. Mgonjwa wa lupasi hupewa steroidi, uso unavimba, mifupa inakonda, sukari inapanda, na kifua kikuu kinapata mwanya. Ndiyo maana wazo la kuzipa nguvu seli dhibiti peke yake, zikatuliza pale palipochafuka na kuiacha kinga nyingine ifanye kazi, lilipokelewa kwa shauku. Shauku hiyo ilisababisha msiba.

Tarehe 13 Machi 2006, katika kitengo cha majaribio kwenye eneo la hospitali ya Northwick Park, London, vijana wanane wenye afya waliojitolea kwa malipo walilazwa vitandani. Wawili wangepewa maji tu. Sita wangepewa TGN1412, dawa ya kampuni changa ya Würzburg, Ujerumani. Ilikuwa kingamwili inayoibonyeza alama nyingine, CD28, kwenye seli T, na katika panya kingamwili ya namna yake ilikuwa imezizidisha seli dhibiti kwa namna ya kupendeza na kutuliza magonjwa. Nyani walipewa dozi mara 500 zaidi bila madhara. Vijana walichomwa mmoja baada ya mwingine, wakipishana kwa dakika kumi hivi, bila kungojwa kuona wa kwanza anaendeleaje. Saa moja na nusu haikwisha kabla ya kichwa kuanza kuuma, kisha mgongo, homa, kutetemeka, kutapika. Usiku ule mapafu na figo zao zilianza kushindwa kazi. Wote sita walipelekwa chumba cha uangalizi mahututi. Kila mmoja alitoka hai, lakini mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Dawa iliyokusudiwa kuwaita wazuiaji ilikuwa imewaita askari wote kwa wakati mmoja. Panya wa maabara hulelewa katika usafi mkubwa, hivyo wana seli chache sana za kumbukumbu, zile zinazobaki baada ya mwili kupigana na maradhi. Binadamu aliyeishi duniani anazo tele. Na seli hizo kwa nyani waliotumika hazina CD28 ya kubonyezwa, kwa hiyo usalama wao haukutuambia lolote. Kampuni ilifilisika mwaka huohuo. Ulaya ikabadilisha kanuni: dawa mpya haichomwi tena watu wote siku moja, na dozi ya kwanza hupangwa kwa tahadhari nyingine kabisa.

Baada ya hapo watafiti walitembea kwa hatua fupi. Njia moja ilikuwa kumtoa mgonjwa seli dhibiti zake mwenyewe, kuzikuza nje na kumrudishia. Mwaka 2009, mjini Gdańsk, Poland, Piotr Trzonkowski na wenzake walikuwa wa kwanza kuchapa taarifa za binadamu waliopewa seli hizo. Walikuwa wagonjwa ambao uboho waliopandikizwa ulikuwa ukiushambulia mwili. Miaka mitatu baadaye kundi hilo lilitoa taarifa za watoto waliotoka kugundulika kuwa na kisukari aina ya kwanza. San Francisco, kundi la Jeffrey Bluestone lilifanya hivyo kwa watu wazima 14 na kuchapa mwaka 2015. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: karibu nusu lita ya damu huchotwa, mashine yenye leza huzitenga seli moja moja kwa kuangalia alama zake, kisha seli dhibiti hukuzwa kwa majuma mawili kwenye chumba kisicho na kijidudu mpaka kutoka chache zikawa mabilioni, na kurudishwa kwa dripu. Waliopewa nyingi zaidi walipata bilioni 2.6. Hawakudhurika, na baadhi ya seli zile zilionekana bado ndani ya damu mwaka mmoja baadaye. Kisukari hakikuondoka. Hilo lazima lisemwe wazi kwa sababu kuna watu wanaouza matumaini kwa jina la seli: mpaka sasa tiba ya kudungwa seli dhibiti kwa ajili ya kisukari, lupasi au baridi yabisi ni ya majaribio.

Njia ya pili ilizaliwa na fumbo. Mwaka 1993 watafiti walichapa habari za panya waliotengenezwa wasiwe na interlukini-2, kemikali iliyojulikana kuwa chakula cha seli T. Walitarajiwa kuwa na kinga iliyolala. Badala yake walijishambulia. Maelezo yalikuja baadaye: CD25 ni sehemu ya mdomo wa kuipokea interlukini-2, na seli dhibiti zina midomo hiyo kwa wingi kuliko seli nyingine, tena haziwezi kuishi bila chakula hicho. Kwa hiyo dozi kubwa ya dawa hii, iliyotumika kwa saratani, huamsha kila mtu, lakini dozi ndogo huishia vinywani mwa seli dhibiti. Mwaka 2011 madaktari wa Boston na wa Paris walichapa katika toleo moja la jarida la tiba matokeo ya dozi hizo ndogo: seli dhibiti ziliongezeka na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Njia ya tatu, iliyo changa zaidi, ni kuzipachika seli dhibiti kipokezi kinachozipeleka kwenye kiungo kinachoungua tu, kama vile goti au figo iliyopandikizwa. Kampuni ambayo Ramsdell alishiriki kuianzisha inaifanyia kazi kwa baridi yabisi.

Afrika haikuwa mtazamaji katika historia hii. Brian Greenwood, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, alichapa mwaka 1968 kwamba magonjwa haya aliyaona kwa nadra mno hospitalini kwake, akashuku kwamba malaria na minyoo ya utotoni ina mkono katika jambo hilo. Alichukua panya wa ukoo unaougua maradhi yanayofanana na lupasi, akawaambukiza malaria ya panya, nao wakakingwa. Miongo iliyofuata ilionyesha kwamba minyoo, ili iishi ndani yetu bila kufukuzwa, huzichochea seli dhibiti za mwenyeji wake. Wala unadra ule hauelezeki kwa urithi peke yake: Weusi wa Marekani na Uingereza huugua lupasi mara nyingi kuliko Wazungu wanaoishi nao. Sisemi kwamba minyoo ni neema. Inadumaza watoto na inamaliza damu. Pia sehemu ya unadra ule ni kwamba wagonjwa hawakutambuliwa. Ninachosema ni kwamba swali la Ibadan bado liko wazi, na linazidi kuwa la haraka kadiri miji yetu inavyokua na watoto wetu wanavyokuzwa kwa namna nyingine.

Tarehe 6 Oktoba 2025, Stockholm ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya tiba inakwenda kwa Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi. Brunkow aliona simu ya Uswidi akadhani ni ya wasumbufu, na Ramsdell alikuwa milimani, mbali na mtandao. Sakaguchi alikuwa na miaka 74.

Hapa kwetu, mgonjwa wa lupasi bado anaweza kutibiwa malaria, taifodi, kisha baridi ya kawaida, na akapelekwa kwa mganga, kabla hajakutana na daktari anayeujua ugonjwa wake. Mtoto wa kisukari aina ya kwanza anahitaji insulini leo, siyo mabilioni ya seli kesho. Hayo yatangulie. Lakini mapambano na UKIMWI yametuachia maabara na wataalamu wa kuzisoma seli za CD4 kwa kiwango ambacho vizazi vilivyopita havikuwa nacho, na tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2015 kwamba kila mwenye virusi aanzishiwe dawa bila kungoja namba, sehemu ya uwezo huo imepata nafasi. Wizara za afya, na vyuo vya tiba vya Muhimbili, Nairobi na Makerere, viuelekeze kwa wagonjwa hawa: waandikishwe, damu yao ichunguzwe, seli dhibiti zao zihesabiwe hapahapa, na majaribio ya dawa hizi yanapopangwa, wagonjwa wa Afrika Mashariki wawemo tangu dozi ya kwanza, kwa kanuni zilezile zinazomlinda kijana wa London.